Mstari wa Nne

Morogoro, 28 Juni 1910

Kwa mdogo wangu Ahmadi bin Rehani, mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa, Dar es Salaam.

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halitaki tena kusikia habari za mlima.

Nina neno. Unajua kwamba tangu reli ifike hapa watu wa marehemu mume wangu hawana misafara. Mtu aliyezoea kubeba mzigo kutoka pwani mpaka Tabora leo anakaa barazani kwangu akitazama mabehewa yakipita. Wamebaki kumi na mmoja, na Lukasi bado ndiye mnyapara wao. Nimewaambia hivi: mzigo wa mbali umechukuliwa na gari moshi, lakini gari moshi halipandi Uluguru. Huko juu magimbi yanaozea ardhini na ndizi zinaliwa na nyani, kwa sababu mwenye shamba hawezi kupoteza siku mbili ili ashuke na mikungu miwili. Sisi tutapanda, tutachukua, tutateremsha mpaka stesheni, na haki ya mwenyewe, fedha yake, tutampelekea kwake. Hiyo ndiyo kampuni yangu. Usicheke.

Bwana Taherali, mwenye duka mbele ya stesheni, hakucheka. Alisema: "Mama Mwanaheri, Dar es Salaam mwezi wa Ramadhani watu wanatafuta magimbi ya futari kama dawa. Jumamosi ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, nijazie behewa moja. Ukijaza, kila Jumamosi ni yako. Usipojaza, nafasi nampa msimamizi wa shamba la mkonge, maana ananisumbua kila asubuhi." Akaongeza: "Na utengeneze kadi. Watu wa milimani hawakujui. Kampuni bila kadi ni kama duka bila mlango."

Nisipojaza behewa hilo, watu wangu kumi na mmoja watakwenda kwenye mkonge, na huko mtu haingii ila kwa kipande. Ninyi wa mjini labda hamkijui: ni kadi ya siku thelathini za kazi, na msimamizi anatia alama siku anayoona umefanya sawasawa. Asipoona, hakuna alama, na siku hiyo umeifanya bure. Mmoja wa hao kumi na mmoja ni mwanangu Dadi, na wewe ni mjomba wake.

Basi nichapie kadi. Maneno haya hapa:

"Kampuni tukufu ya Bibi Mwanaheri binti Rehani, mjane wa marehemu kiongozi wa misafara aliyefika Tabora mara kumi na saba, mwenye wapagazi hodari, wasioiba, wasiolewa, wanaoshusha kila namna ya chakula kutoka milima yote ya Uluguru, kwa amani na uaminifu, inshallah."

Dada yako,
Mwanaheri

*

Dar es Salaam, 2 Julai 1910

Dada, shikamoo.

Kadi utapata. Maneno yako hutapata.

Kwanza, hiyo si kadi, ni khutba ya Ijumaa. Ningeichapa yote, ungehitaji mpagazi wa kumi na mbili wa kuibeba. Pili, ondoa marehemu. Nilimpenda shemeji, Mungu amrehemu, lakini mtu anayetaka kushusha magimbi haulizi nani alifika Tabora. Tatu, na hapa nashika kalamu kwa mikono miwili: "wasioiba"! Dada yangu, nani alikuwa amesema wanaiba? Mwenye kuandika "wasioiba" amekwisha kumpeleka msomaji akahesabu ndizi zake. Duka likiandika mlangoni "hapa hatupunji", mimi navuka barabara.

Nimesoma magazeti ya Wadachi hawa wa serikali, nimesoma vitabu vya Kiarabu, nimepanga kwa mikono yangu kadi za mawakili, za wauza mvinyo na za daktari mmoja wa meno, na nakuambia: kadi nzuri ina mistari mitatu. Jina. Kazi. Mahali. Msomaji anataka kujua nani, anafanya nini, nimpate wapi. Mstari wa nne ni majivuno au ni uongo, na mara nyingi ni vyote viwili. Watu wetu wana ugonjwa wa mstari wa nne. Mpe mtu karatasi, naye atajaza hadi babu yake.

Kwa hiyo:

MWANAHERI BINTI REHANI
Kuteremsha vyakula vya Uluguru
Stesheni ya Morogoro

Kama hukubali, mtafute mpanga herufi mwingine. Hayupo.

Mdogo wako mtiifu,
Ahmadi

*

Morogoro, 6 Julai 1910

Ahmadi,

Marahaba. Mtiifu! Mama angekuwa hai angecheka mpaka akakaa chini.

"Wasioiba" nimeiondoa. Bwana Taherali alinisomea barua yako na alipofika hapo alinitazama kwa jicho moja akasema, "Kweli, hata mimi nilianza kuwaza." Mistari mitatu nakubali. Lakini nijibu swali moja, wewe uliyesoma vitabu: watu wa juu watasomaje? Pale milimani anayejua herufi zako za Kidachi ni mmoja katika kijiji, na kwa kawaida ndiye karani wa jumbe, mtu asiyependwa. Mimi mwenyewe nilijifunza chuoni kwa herufi za Kiarabu, na hizi zako nazifuata kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Tia picha. Mkungu wa ndizi tu. Hakuna Mluguru atakayeukosea.

Mwanaheri

*

Dar es Salaam, 20 Julai 1910

Dada, shikamoo.

Kadi mia mbili zimo ndani ya kifurushi hiki. Mkungu wa ndizi haumo. Nimefungua sanduku lote la picha kiwandani kwetu: tunaye tai, tunaye simba, tuna taji, farasi, nanga, na chupa ya bia ya namna tatu. Watu wanaochapisha hapa hawajawahi kuota ndizi. Ningeweza kukuwekea tai, lakini tai ni wa serikali, na chupa ya bia haikufai.

Badala yake nimekuwekea ukingo. Utazame vizuri: mstari mnene, ndani yake mstari mwembamba, na ua dogo katika kila pembe. Hakuna duka Dar es Salaam lenye ukingo safi kama huo. Karatasi ni ngumu, haivunjiki mfukoni, na maji kidogo haiyajali. Hiyo ni zawadi yangu kwa kampuni, wala usiulize nimeipata wapi.

Kuhusu kusoma: wajifunze! Nimechoka kusikia "watu wetu hawajui". Kadi hii ndiyo itakayowafundisha. Mtu akiona jina lako mara kumi, mara ya kumi na moja atalisoma. Hivyo ndivyo watu walivyoelimika dunia nzima. Mimi kila siku mikono yangu imejaa wino ili watu wa nchi hii wapate vitabu vya maarifa, na wewe unaniambia habari za mkungu wa ndizi.

Mpe Dadi salamu za mjomba wake. Mwambie kadi ya mama yake imepangwa na mkono wa ukoo.

Ahmadi

*

Morogoro, 25 Julai 1910

Ahmadi mdogo wangu,

Zimefika. Sitaki kukusifu, kwa maana utaniandikia kurasa sita, lakini nilipoliona jina langu nilikaa kitandani peke yangu, nikaligusa kwa kidole. Limechimbika kwenye karatasi. Nimezaliwa, nimeolewa, nimezaa, nimezika, na jina langu lilikuwa la kuitwa tu. Sasa lina alama ya kuguswa.

Dadi aliipokea kadi akaigeuzageuza, akanirudishia bila neno. Nilidhani ana haya.

Bwana Taherali ameibandika moja ukutani juu ya mizani. Lukasi na watu wake wamepanda leo alfajiri na kadi mia moja na themanini. Nimewaambia kila kaya wape moja na kusema: "Hii ni ya Mwanaheri. Tukirudi wiki ijayo, wekeni mzigo mlangoni."

Dada yako mwenye kampuni,
Mwanaheri

*

Morogoro, 9 Agosti 1910

Ahmadi,

Mzigo mlangoni haupo. Na watu mlangoni hawapo.

Lukasi amepanda mara mbili. Mara ya kwanza watu walipokea kadi kimya. Akafurahi, akadhani ni adabu. Mara ya pili, kila nyumba aliyofika moto ulikuwa unawaka jikoni na mwenye nyumba "amekwenda shamba". Kijiji kizima, shamba! Kuku tu ndio waliompokea.

Nyumba moja haikukimbia, ya Bibi Chausiku, unamkumbuka, yule mwenye shamba la magimbi kando ya kijito, ambaye hajawahi kumkimbia hata chui. Alitoka na kadi yangu ameishika kwa koleo la jikoni. Kwa koleo, Ahmadi! Akaitupa miguuni pa Lukasi akasema: "Mrudishie mwenyewe. Mwambie mimi ni mzee, siku thelathini sina."

Lukasi akamwambia, "Bibi, hii si hiyo." Akajibu: "Mwanangu naye aliambiwa si hiyo."

Hilo si kubwa. Kubwa ni la jana. Nimekaa barazani nachambua maharage, nikamwona mtu anakuja kutoka njia ya mlimani, ana jembe begani, sufuria kichwani, na mkeka umefungwa mgongoni. Akapiga hodi, akavua kofia, akanipa kadi yangu kwa mikono miwili. Jina lake Severini. Akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja. Siku zangu zinaanza leo au kesho?"

Nikamwuliza siku gani. Akasema, "Hizi za kwenye kipande chako, mama. Mke wangu amelia sana, lakini nilimwambia afadhali nije mwenyewe kabla askari hawajaja." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuniudhi: "Nilikosa nini?"

Nilimpikia ugali na kuku, akala kama mtu anayelishwa kabla ya kazi ngumu. Nikamweleza mara tatu. Alikubali kila neno na hakuamini hata moja. Alipoondoka alikuwa anageuka nyuma kila hatua kumi kuona kama anaitwa.

Zimebaki Jumamosi tatu na ile ya behewa. Sina hata kikapu kimoja cha magimbi.

Mwanaheri

*

Dar es Salaam, 12 Agosti 1910

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikapiga meza, jirani akauliza kama kuna mtu ameanguka.

Hivi hawa watu wana macho ya nini? Pana jina lako pale, kubwa, wazi! Pameandikwa "vyakula"! Kipande kina miraba thelathini ya kutia alama. Kadi yako ina miraba mingapi? Hata mmoja! Mtu asiyejua kutofautisha miraba thelathini na hakuna mraba atalalamika nini akidanganywa? Nimesema miaka ishirini na nitasema mpaka nizikwe: adui yetu wa kwanza si mwenye kiboko, ni ujinga wetu wenyewe, unaomfanya mtu achukue jembe lake kwa miguu yake aende akajitie utumwani kwa mjane anayechambua maharage!

Hitilafu si ya kadi. Kadi imetimiza masharti yote ya kadi. Mwite karani wa jumbe apande akawasomee kwa sauti, waone aibu.

Ahmadi

*

Morogoro, 15 Agosti 1910

Ahmadi,

Nimetia vitu viwili katika bahasha hii. Kimoja ni kadi yangu, ile ya koleo. Cha pili ni kipande kilichokwisha kutumika, nimekipata humu humu nyumbani. Viweke pamoja juu ya meza yako, mchana, kwenye mwanga. Vitazame bila kuvisoma, kama Bibi Chausiku anavyotazama.

Kisha soma jina lililoandikwa juu ya hicho kipande.

Mwanaheri

*

Dar es Salaam, 22 Agosti 1910

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa siku tano na hivi vitu viwili.

Karatasi ni moja, ya rangi moja, ile ya meno ya mvuta tumbako. Ukingo ni mmoja, mstari mnene, mstari mwembamba, ua katika kila pembe. Ukivishika kwa mbali huwezi kujua kipi ni kipi. Watu wa juu wamesoma vizuri kuliko mimi. Wao walisoma karatasi, mimi nilisoma herufi tu.

Nilijua. Si kwamba nilijua watakimbia, hilo Mungu ni shahidi sikulijua, lakini nilijua karatasi imetoka wapi. Kiwandani kwetu tunachapa vipande kwa maelfu. Kisu kinapokata, masalio yanaanguka chini, na masalio yale ndiyo zawadi yangu kwa kampuni yako. Na ukingo ule sikuupanga kwa ajili yako. Ulikuwa umekwisha kupangwa mezani. Nilitoa miraba thelathini katikati nikaingiza jina lako. Ilinichukua muda wa kunywa chai.

Na la kuumiza zaidi ni hili. Vile vitabu vya maarifa ninavyokuandikia kila mara, nilipanga kimoja, mwaka nilioanza kazi. Tangu hapo, miaka mitatu, mimi ndiye mpanga herufi wa vipande. Ni mimi niliyechagua yale maua ya pembeni, nikaona yanapendeza.

Jina lililo juu ya kipande nimelisoma. Dadi. Alama thelathini, na tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho ni karibu miezi minne. Mbona hukuniambia kwamba Dadi alikwenda kwenye mkonge? Katika ukoo wetu mjomba ndiye anayemlinda mtoto wa dada yake, na mimi niliyeandika "mkono wa ukoo" kumbe mkono wa ukoo ulikwisha kumfikia mapema.

Kesho nitamwambia bwana wa kiwanda atafute mtu mwingine. Nitachukua herufi za risasi nikazitie baharini.

Ahmadi

*

Morogoro, 26 Agosti 1910

Mdogo wangu,

Marahaba. Acha herufi za watu mahali pake. Ukizitia baharini watanunua nyingine, na wewe watakufunga, na watoto wako nitawalisha mimi kwa goti hili. Wewe ukikasirikia wengine unaandika barua, ukijikasirikia mwenyewe unataka kuvunja nyumba. Kaa.

Sikukuambia habari za Dadi kwa sababu ulikuwa ukijisifu sana na vitabu vyako, na Dadi mwenyewe alisema, "Usimwambie mjomba, ataandika kurasa sita kuhusu ujinga wangu." Kwa hiyo wote wawili tulifichana, na tumekwisha kulipana. Siku niliyompa kadi akanirudishia kimya, aliijua karatasi. Alinyamaza asiniharibie furaha. Nimemgombeza kwa hilo zaidi ya nilivyokugombeza wewe.

Sasa sikiliza, maana sikukungoja.

Mwajuma, binti shangazi, anafanya kazi ya kuchambua ulanga huko mgodini. Umewahi kuuona ulanga ukipasuliwa? Ni jiwe, lakini ukiingiza ncha ya kisu ubavuni linaachana majani kama kitabu, jani juu ya jani, jembamba na jeupe, unaona kidole chako ng'ambo. Majani makubwa Wadachi wanapeleka kwao. Yaliyo madogo kuliko kiganja yanatupwa, ni lundo refu kuliko nyumba. Mwajuma alimwomba msimamizi, akamwambia, "Takataka hizo, zoa utakavyo." Akazoa matenga mawili.

Dadi amechonga msumari. Tunachora mkungu wa ndizi juu ya ulanga, tunasugua masizi na mafuta ya nyonyo, tunafuta, na mchoro unabaki mweusi. Ndizi zangu nimezipata, bila ruhusa ya sanduku lenu la tai na chupa.

Lakini uzuri si huo. Kila kipande cha ulanga kina kingo zake, hazifanani na za kingine hata upekue tenga zima. Lukasi akifika kwa mwenye mzigo, anaingiza kisu, anaupasua ulanga uwe majani mawili. Jani la juu, lenye ndizi, anampa mwenye mzigo. Jani la chini linafungwa kwenye tenga lake. Lukasi anasema: "Sisi ndio tumeandikwa hapa, si wewe. Tukirudi bila haki yako, tudai jani letu, uliweke juu ya lako mbele ya mtu yeyote, yatakubaliana, na sisi tutaaibika." Huo ndio mwendo wote wa kadi yangu, Ahmadi. Kipande kinamfunga aliyepewa. Kadi ya biashara inamfunga aliyeitoa. Hilo katika mistari yako mitatu halikuwamo.

Nilimtuma Lukasi kwanza kwa Severini, nikijua huyo hakimbii, anakuja hata asipoitwa. Severini aliuinua ulanga kwenye jua, akamtazama Lukasi kupitia humo, akauliza, "Na siku thelathini?" Lukasi akasema, "Ni zangu." Severini akaingia ndani akatoa matenga matatu ya magimbi. Kumbe alikuwa ameyachimba tangu wiki ile, hajui pa kuyapeleka.

Bibi Chausiku aliuweka ulanga jichoni akamwambia Lukasi, "Leo ndiyo nakuona mpaka ndani, mwongo wewe, na utumbo wako mtupu." Akatoa mikungu minne. Lakini ulanga hakuupokea kwa mkono. "Uweke hapo juu ya kinu," akasema. Mkono wake bado una shaka.

Behewa limejaa nusu. Zimebaki siku nane. Niombee.

Ndani ya barua hii pana jani moja la ulanga. Jani mwenzake limefungwa kwenye tenga litakalokuja kwako, behewa likijaa. Usipoliona tenga, ujue.

Mwanaheri

*

Dar es Salaam, 5 Septemba 1910

Dada yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Nilikwenda stesheni Jumamosi na jani langu la ulanga ndani ya kofia. Gari moshi lilichelewa. Nilisimama na wachukuzi na wauza samaki, nimevaa kanzu ya Idd, watu wakadhani nampokea bibi arusi. Behewa lilipofunguliwa sikuona ubao wa ndani. Lilikuwa limejaa mpaka mlangoni! Wachukuzi walianza kutoa mikungu, magimbi, mikungu, na kila tenga lina jani linalong'aa, mpaka mlevi mmoja akauliza kama ni mizigo ya mfalme.

Nilipekua matenga kama mwendawazimu. La sitini na kitu lilikuwa langu. Nikaweka jani juu ya jani. Dada, yaliingiana kama kope mbili. Nimepanga herufi maelfu kwa maelfu na sijapata kuona vitu viwili vikikubaliana namna ile bila kulazimishwa.

Tumekula magimbi jana, na mengine nimeyaweka kwa futari ya kwanza. Mwezi huenda ukaandama leo.

Kiwandani bado nipo. Nilizungumza na bwana. Sikupiga meza. Nilimwambia vipande atafute mkono mwingine, na mimi anipe kazi yoyote, hata ya kufagia masalio. Hakunifukuza, kwa sababu wanaojua kupanga Kiswahili bila makosa ni wachache, na alilijua hilo kabla yangu. Amenipa matangazo ya maduka na meli. Ni kazi ndogo kuliko ile, na usiku nalala.

Sasa nisikilize, kwa maana hutaacha kunisikiliza kwa sababu ya kosa moja. Ulanga ni wa watu wa mlimani. Lakini wenye maduka wa hapa waliliona behewa, na watatu wameniuliza: huyu nani, tumpate wapi? Hao wanataka karatasi. Nimekuchapia kadi hamsini. Karatasi ni nyeupe, nimeinunua dukani mwenyewe. Ukingo hauna. Ua hakuna. Nilisema kadi nzuri ina mistari mitatu na kwamba mstari wa nne ni majivuno au uongo. Nilikosea, na andika tarehe, maana sitalisema mara mbili:

MWANAHERI BINTI REHANI
Kuteremsha vyakula vya Uluguru
Stesheni ya Morogoro
Kadi hii haimfungi mwenye kuipokea

Moja mpe Dadi, kwa mkono wako. Ile ya kwanza alikuwa na haki ya kuirudisha.

Mdogo wako,
Ahmadi

*

Morogoro, 12 Septemba 1910

Ahmadi mdogo wangu,

Marahaba. Saumu inakwenda vizuri, goti limetulia. Behewa la pili limetoka juzi, limejaa. Bwana Taherali amemwambia msimamizi wa mkonge atafute nafasi kwingine, na akaniambia mimi, "Mama, nilikuambia kadi!" Nimemwacha ajisifu. Ni mwezi mtukufu.

Dadi ameipokea kadi yako. Aliisoma mpaka mstari wa nne, akaanza upya tangu wa kwanza, kisha akaitia katika kikoi akaondoka. Baadaye nikamsikia akimsomea Lukasi, na Lukasi akisema, "Mjomba wako akiwa na maneno machache anatisha."

Nilimtuma Dadi mwenyewe apande na chache, ingawa umesema ni za mjini, kwa sababu nilitaka kujua neno moja. Alipofika kwa Bibi Chausiku alimkuta anatwanga. Akamwambia, "Bibi, kadi." Bibi akaikagua rangi, akaikunja pembe, akainusa. Akauliza, "Imeandikwaje?" Dadi akamsomea mistari yote minne.

Bibi akasema, "Huo wa mwisho urudie."

Akaurudia.

Akaweka mchi chini, akajifuta unga katika kanga, akaipokea kwa mkono.

Dada yako,
Mwanaheri